Salem na Jora la Merikani

Sandarusi ikitoka ardhini haina mvuto. Mchimbaji wa Kizaramo aliyeifukua nyuma ya Bagamoyo, mvua ikiwa imeshalainisha udongo, alipata vipande vilivyogandamana na mchanga, vyenye ganda gumu lisilopitisha mwanga. Vilitiwa kwenye makanda, vikavushwa kwa mashua hadi Unguja, vikapimwa kwa frasila, kisha vikapakiwa kwenye merikebu ya milingoti 2 iliyokuwa na safari ya miezi 3 na zaidi mbele yake. Huko mwisho wa safari, katika mji mdogo wa Salem, jimbo la Massachusetts, wafanyakazi wa kiwanda cha Jonathan Whipple walivilowesha katika maji ya magadi, wakavianika, wakavisugua kwa brashi mpaka udongo wa pwani ya Mrima ukabanduka wote. Hapo ndipo kilipoonekana kitu cha rangi ya asali, chenye vipele vidogo vidogo mithili ya ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Kilichambuliwa kwa ukubwa na uzuri, kikauzwa kwa watengenezaji vanishi, na vanishi hiyo ikang'arisha magari ya farasi na meza za sebuleni kote Marekani.

Malipo ya sandarusi hiyo yalikuwa kitambaa. Kilikuwa cha pamba tupu, kizito, kisichopaushwa wala kutiwa rangi, na kilifika Unguja katika majora yaliyofungwa marobota. Watu wa pwani walikiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka, na jina hilo limo katika kamusi za Kiswahili hadi leo. Wengi wa bara waliijua nguo hiyo miaka mingi kabla ya kusikia kwamba kuna nchi iitwayo hivyo. Waliokipeleka kitambaa hicho pwani kwa karibu nusu karne walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa Salem.

Mji huo uko kilomita kama 25 kaskazini-mashariki ya Boston, kando ya Bahari ya Atlantiki. Kabla ya Waingereza kufika, wenyeji wa asili waliita mahali hapo Naumkeag. Mwaka 1626 Roger Conant na wenzake walihamia hapo kutoka kituo cha uvuvi kilichoshindwa huko Cape Ann, na muda si muda mji ukaanza kuishi kwa samaki aina ya chewa, aliyekaushwa kwa chumvi na kuuzwa Ulaya na visiwa vya Karibi. Huko Karibi, chewa wa daraja la chini ndiye aliyelishwa watumwa wa mashamba ya miwa. Hivyo tangu mwanzo mkate wa Salem ulikuwa na kamba ndefu iliyofika kwenye mikono ya watu ambao Salem haikuwaona.

Dunia inaukumbuka mji huu zaidi kwa mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na mzee Giles Corey akafa akiwa amerundikiwa mawe kifuani kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Ni kisa cha kweli na cha kutisha, ila kilidumu kwa miezi. Biashara ya bahari ilidumu kwa vizazi, na ndiyo iliyojenga nyumba za matofali mekundu zinazopendezesha mitaa ya Salem hadi sasa.

Uhuru wa Marekani ulipopatikana, wafanyabiashara wa New England walijikuta wamefungiwa milango. Makoloni ya Uingereza waliyozoea kuuza nayo yaliwakatalia bandari. Tajiri Elias Hasket Derby aliamua kutafuta mbali zaidi. Merikebu yake, Grand Turk, ilirudi Salem mwaka 1787 kutoka Canton, Uchina, ikiwa imejaa chai na vyombo vya kauri. Miaka michache baadaye nahodha Jonathan Carnes alinong'onezwa kwamba kaskazini-magharibi mwa Sumatra kuna pilipili manga isiyopitia mikononi mwa Waholanzi. Aliondoka kimya kimya mwaka 1795 bila kumwambia mtu aendako, akarudi mwaka 1797 akiwa na shehena iliyowapa wenye mali faida ya asilimia 700. Watu wa Salem waliposikia harufu ya pilipili gatini, kila mwenye merikebu alitaka kujua ilikotoka.

Sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, ilihesabu watu 7,921 mjini Salem. Leo idadi hiyo ni ya tarafa ndogo, lakini wakati ule ilitosha kuufanya uwe mmoja wa miji 10 mikubwa ya nchi nzima. Mwaka 1799 manahodha wake waliunda chama cha bahari cha East India Marine Society. Sharti la kujiunga lilikuwa moja: mtu awe amepita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn kama nahodha au msimamizi wa shehena. Kila mwanachama alitakiwa kuandika daftari la safari na kuleta nyumbani vitu vya ajabu alivyokutana navyo. Mikusanyo hiyo ndiyo iliyozaa jumba la makumbusho la Peabody Essex, ambalo halijawahi kufungwa moja kwa moja tangu mwaka huo.

Hata muhuri wa mji unasimulia hadithi hiyo. Salem ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1836, ya pili Massachusetts baada ya Boston, muhuri wake haukuchorwa mchungaji wala mwanasiasa. Ulichorwa mtu wa Sumatra katika mavazi ya kwao, kando ya mimea ya nchi yake, na nyuma yake merikebu iliyotanua matanga. Maneno ya Kilatini yanayouzunguka yanataja bandari ya mbali kabisa ya Mashariki yenye utajiri.

Lakini muhuri ulipochorwa, neema ilikuwa imeshaanza kupungua. Mwaka 1807 Rais Thomas Jefferson alipiga marufuku merikebu za Marekani kwenda nchi za nje, na vita vya mwaka 1812 dhidi ya Uingereza vikamalizia. Nyumba ya forodha iliyojengwa mwaka 1819, yenye tai wa dhahabu juu ya paa, ilipata kazi kidogo kuliko waliyoitarajia waliomwaga fedha kuijenga. Bandari ya Salem ilikuwa na kina kifupi. Merikebu mpya zilikuwa kubwa, zikaenda Boston na New York, kwenye maji ya kutosha na njia za kufikisha mizigo bara. Nathaniel Hawthorne, mwandishi mzaliwa wa mji huo, aliajiriwa katika forodha hiyo kuanzia mwaka 1846 hadi 1849, na katika utangulizi wa riwaya yake maarufu aliichora kama ofisi ya wazee wanaosinzia.

Mji wenye bandari ya kina kifupi na merikebu ndogo ulihitaji soko ambalo wakubwa hawajaliona. Soko hilo lilikuwa Unguja.

Miaka ya 1820 ilipofika katikati, merikebu za Salem zilizokuwa zikienda Mokha kununua kahawa na Madagaska kununua ngozi zilianza kutia nanga mbele ya mji mkongwe wa Unguja. Mtawala alikuwa Sayyid Said bin Sultan wa Muscat, aliyekuwa akihamishia macho na mali yake Afrika Mashariki, na mashamba ya mikarafuu yakianza kupandwa. Mwaka 1828 mfanyabiashara Edmund Roberts, wa New Hampshire, alikutana naye Unguja, akalalamikia vikwazo vya forodha, na Sayyid akamwambia kwamba yuko tayari kwa mkataba. Roberts alirudi akiwa mjumbe wa Rais Andrew Jackson. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, walitiliana saini mkataba uliowapa Wamarekani ruhusa ya kufanya biashara katika bandari zote za Sayyid kwa ushuru wa asilimia 5 tu ya mali waliyoshusha.

Hata kabla ya mkataba huo kuanza kazi, Wamarekani walikuwa wameshatangulia. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, merikebu 41 za kigeni zilitia nanga Unguja. Kati ya hizo, 32 zilikuwa za Wamarekani, na zilizotoka Salem zilikuwa nyingi kuliko za bandari nyingine yoyote. Za Waingereza zilikuwa 7.

Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard P. Waters, alikuwa mtoto wa Salem. Alishuka Unguja mwaka 1837 akiwa na cheo cha serikali mkono mmoja na biashara yake mkono wa pili, kwa kuwa mapato ya cheo hicho yalikuwa haba na kila mtu alijua amekwenda kutafuta. Mlango wa kupitia ulikuwa mmoja: Jairam Shivji, tajiri wa Kibhatia kutoka Kutch, aliyekodi forodha nzima ya Sayyid kwa malipo ya kila mwaka. Jairam ndiye aliyetoza ushuru, ndiye aliyewakopesha wafanyabiashara wadogo, na wapakuaji wa mizigo walimtii yeye. Waters na Jairam walielewana. Kwa miaka kadhaa ilikuwa vigumu kwa mgeni kununua pembe au kuuza jora bila mkono wa mmoja wao, na malalamiko ya Waingereza, na hata ya Wasalem wenzake Waters, yalikuwa mengi.

Mtu aliyefuata njia ya merikani kutoka gatini hadi bara angeona jinsi ilivyobadilika kila hatua. Ilipofika Unguja ilikuwa robota. Kwa mfanyabiashara wa Kihindi ilifunguliwa ikawa majora, akampa Mwarabu au Mswahili wa msafara kwa mkopo wa kulipwa pembe zitakaporudi. Njiani ilikatwa kwa doti, yaani mikono 8, au kwa shuka, mikono 4. Kwa shuka hizo Wanyamwezi walilipwa ujira wa upagazi, machifu walipewa hongo ya kupita katika nchi zao, na mtama, mbuzi na maji vilinunuliwa kambini. Ilivaliwa, ilizikiwa, ilitolewa mahari. Pwani, hasa Unguja, shuka nyeupe ya merikani ilikuwa nguo ya maskini na ya mtumwa. Aliyepata uwezo aliitia nili au akanunua kitambaa chenye rangi. Wanawake waliotoka utumwani mwishoni mwa karne ya 19 waliiacha kwa furaha wakavaa kanga.

Salem nayo ilipokea pembe za ndovu, karafuu, ngozi za ng'ombe, tende kutoka Muscat na sandarusi. Pembe nyingi ziliendelea na safari hadi viwanda vya Connecticut, katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, zikapasuliwa kuwa vipande vyembamba vya kubandika juu ya vibao vya piano. Ngozi zilikwenda kwa watengeneza ngozi wa Mtaa wa Boston, upande wa mto, ambako hewa ilijaa harufu ya magome na mafuta. Sandarusi ilikwenda kwa Whipple.

Aliyefungua njia ya sandarusi kwa wingi ni John Bertram. Alizaliwa mwaka 1796 katika kisiwa cha Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, akaletwa Salem akiwa mtoto, akaingia baharini kijana. Mwaka 1832 merikebu yake Black Warrior ilirudi kutoka Unguja na shehena kubwa ya sandarusi chafu, jinsi ilivyotoka ardhini. Watu waliona ni uchafu wa gharama. Yeye aliona kwamba kuiosha Salem kungewapa watu wa mji kazi na kumpa yeye bei nzuri. Kuanzia hapo nyumba ya Bertram na ya Michael Shepard ndizo zilizokuwa nguzo za biashara ya Unguja. Mawakala wao waliishi miaka mingi Forodhani na Shangani, wakijifunza Kiswahili cha sokoni, wakiandikiana barua na nyumbani kuhusu bei ya frasila na upana wa jora.

Upana wa jora ulikuwa na maana. Msambazaji wa Massachusetts aliyedhani Mwafrika atanunua kitambaa chochote alirudishiwa mzigo. Mnunuzi wa bara alikagua uzito, alivuta uzi, alipima kwa mkono wake mwenyewe kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kitambaa cha Uingereza kilikuwa chepesi na kilitiwa wanga mwingi ili kionekane kizito. Kikifuliwa mara moja kilinyauka. Merikani ilibaki nguo. Sifa hiyo ndiyo iliyoilinda kwa miaka 30 dhidi ya taifa lenye viwanda vingi kuliko lote duniani.

Mwanzoni kitambaa hicho kilifumwa Lowell na miji mingine iliyotumia nguvu za maji ya mito. Salem haikuwa na mto wenye maporomoko. Mwaka 1839 matajiri wake walianzisha kampuni ya Naumkeag Steam Cotton, na mwaka 1847 kiwanda chao kilianza kufanya kazi kando ya bandari kwa mvuke wa makaa ya mawe yaliyoletwa kwa merikebu. Pamba iliingia mlango mmoja na kutoka upande wa pili ikiwa kitambaa. Sasa mji uliokuwa ukisafirisha jora ulikuwa pia ukilifuma.

Pamba hiyo ililimwa na kuchumwa na watumwa wa Alabama, Georgia, Mississippi na Louisiana. Bila wao hakuna bei ya chini, na bila bei ya chini hakuna merikani. Upande wa pili wa bahari, karafuu zilizorudi na merikebu zilichumwa na watumwa wa Unguja na Pemba. Salem ilikuwa katikati: mji wa wacha Mungu, wenye shule nzuri na makanisa yaliyojaa, ukiishi kwa kazi ya watu wasio huru wa pande zote mbili. Waters, aliyekuwa Mkristo wa dhati, aliandika katika shajara yake jinsi alivyochukizwa na utumwa aliouona Unguja. Aliendelea kuuza kitambaa na kununua pembe.

Kulikuwa na Wasalem waliolisema jambo hili waziwazi, na walikuwa weusi. John Remond alifika mjini akiwa mtoto, peke yake, kutoka kisiwa cha Curaçao. Alikua akawa mpishi na mwandaaji wa karamu anayeheshimika kuliko wote. Yeye na mkewe Nancy waliishi na kufanya kazi katika Hamilton Hall, ukumbi wa matajiri wa bahari, wakiwapakulia wageni ambao utajiri wao ulitoka Sumatra na Unguja. Mtoto wao Charles Lenox Remond, aliyezaliwa mwaka 1810, alikuwa miongoni mwa wasemaji weusi wa kwanza waliolipwa kuzunguka nchi wakipinga utumwa. Mwaka 1842 alisimama mbele ya kamati ya bunge la Massachusetts kupinga ubaguzi ndani ya treni. Familia hiyo na wenzao walisusia shule ya weusi peke yao, na mwaka 1844 shule za Salem zikafunguliwa kwa watoto wote.

Dada yake, Sarah Parker Remond, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1859 alivuka bahari hadi Uingereza, akahutubia Manchester, mji uliokula na kulala kwa pamba. Aliwaambia wasikilizaji wake kwamba katika mamilioni ya dola yanayolipwa kwa pamba, hakuna hata senti inayomfikia aliyeipanda. Alikuwa akiwaambia watu wa Manchester, lakini maneno yake yalihusu pia kiwanda kilichokuwa kikinguruma kando ya bandari ya kwao. Baadaye alisomea udaktari Florence, akafia Italia mwaka 1894 bila kurudi kuishi Salem.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata uzi. Pamba ya kusini ilizuiwa, bei ya merikani ikapanda maradufu, na wafanyabiashara wa Unguja wakageukia kitambaa cha Manchester na gamti ya Bombay iliyofumwa kwa kuiga ile ya Massachusetts. Wakati huohuo serikali ya Washington ilitoza ushuru sandarusi isiyosafishwa. Kuiosha Unguja kukawa nafuu kuliko kuiosha Salem, na kazi ya Whipple ikadhoofika. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, Unguja ikawa karibu zaidi na London kuliko na Marekani. Mwaka 1870 merikebu Glide ilileta Salem shehena ya mwisho kutoka Unguja. Nyumba za biashara za Salem hazikufa papo hapo. Mawakala wao walibaki Unguja kwa miaka mingine, ila mali yao ilishuka Boston na New York. Henry Morton Stanley alipofika Unguja Januari 1871 kujiandaa kumtafuta Livingstone, mwenyeji wake alikuwa Francis Webb, balozi mdogo wa Marekani na wakala wa John Bertram. Jambo la kwanza alilojifunza Stanley lilikuwa ni doti ngapi za merikani zinahitajika kwa msafara.

Mji ulijipanga upya. Viwanda vya ngozi na viatu vilichukua nafasi ya magati. Watu wa Ireland waliokimbia njaa ya miaka ya 1840 walikuwa wameshafika. Wakafuata Wakanada wanaosema Kifaransa, waliojaza mitaa ya Point kandokando ya kiwanda cha pamba, na baadaye Wapolandi waliokaa Mtaa wa Derby katika nyumba zilizokuwa za manahodha. Mwaka 1883 kijana wa miaka 16, George Parker, alianza kuuza mchezo wa kadi alioubuni mwenyewe. Kampuni yake Parker Brothers ndiyo iliyokuja kutoa mchezo wa Monopoly mwaka 1935 na kuajiri Wasalem hadi ilipofunga kiwanda mwaka 1991.

Mchana wa tarehe 25 Juni 1914 moto ulizuka katika kiwanda cha ngozi cha Korn, Mtaa wa Boston, mahali penye kemikali za kung'arishia ngozi. Upepo uliusukuma kuelekea baharini, ukapita mtaa wa Point, ukakifikia kiwanda cha Naumkeag. Majengo 1,376 yaliteketea, na watu karibu 20,000, karibu nusu ya wakazi wote, walilala nje. Vikosi vya zimamoto vilikuja kutoka miji zaidi ya 20. Waliopoteza zaidi ni wale waliopanga vyumba karibu na kazi zao: walikosa mahali pa kulala na mahali pa kufanya kazi katika jioni moja.

Kiwanda kilijengwa upya, na shuka zake za kitandani za jina la Pequot zikajulikana nchi nzima. Mwaka 1933 wafumaji wake waligoma kupinga mpango wa kuongezewa mashine kwa kila mtu, wakasimama hata pale viongozi wa chama chao wa ngazi za juu walipowataka warudi, na mwenye kiwanda akalegeza. Lakini mwaka 1953 kampuni ilihamia kusini, karibu na mashamba ya pamba na mishahara ya chini. Majengo yamebaki. Sasa yana ofisi, karakana na shule, na mitaa ya Point inakaliwa zaidi na familia zenye asili ya Jamhuri ya Dominika.

Salem ya leo ina watu kama 44,000. Waajiri wakubwa ni hospitali, chuo kikuu cha jimbo na utalii. Tangu tamasha la Haunted Happenings lianze mwaka 1982, Oktoba imekuwa mavuno ya mji; wageni wanaofika mwezi huo siku hizi hupita milioni 1, wakiwa wamevaa kofia ndefu nyeusi, wakifuata kisa cha mwaka 1692. Wachache wao hutembea hadi mwisho wa gati la Derby, ambalo tangu mwaka 1938 linatunzwa na serikali kama eneo la kihistoria, na wachache zaidi hujua kwamba gati kama hilo lilikuwa likinukia karafuu.

Fedha ya Unguja haikuyeyuka yote. Mjukuu wa Bertram, Caroline Emmerton, ambaye baba yake pia alifanya biashara na Unguja, alinunua mwaka 1908 nyumba kuukuu ya Mtaa wa Turner, ile ambayo Hawthorne aliipa umaarufu kwa riwaya yake nyingine. Aliikarabati, akawatoza watalii kiingilio, na mapato akayatumia kufundisha watoto na akina mama wa wahamiaji kushona, kupika na kusoma Kiingereza. Kazi hiyo bado inaendelea.

Bertram mwenyewe aliacha hospitali iliyoanzishwa miaka ya 1870 na makao ya wazee wanaume. Alipofariki mwaka 1882, warithi wake waliitoa nyumba aliyoijenga mwaka 1855, ya matofali na mawe ya kahawia, namba 370 Mtaa wa Essex. Mwaka 1889 ilifunguliwa kuwa maktaba ya umma ya Salem, na ndivyo ilivyo hadi leo: mtoto wa mhamiaji akitoka shule hupanda ngazi za nyumba iliyojengwa kwa sandarusi ya Mrima na kwa jora la merikani, akaketi, akafungua kitabu.